Moyo wanienda mbio: ushauri au vidonge?

Swali: Daktari, nalima mpunga Chita. Tangu mafuriko yabebe shamba, usiku moyo hunienda mbio, silali. Nimeze dawa?

Jibu: Pole sana. Kwanza pimwa damu na tezi ya shingo. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ndiyo kubwa huko kwenu. Upungufu wa damu na shida ya tezi hiyo navyo huukimbiza moyo.

Ikiwa ni wasiwasi, anza na ushauri nasaha. Si kuhubiriwa, jamani. Ni kujifunza kukabili kinachokutisha, kidogo kidogo. Ukizidiwa, daktari aweza kuongeza dawa ya fluoxetine: huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haiachwi ghafla. Dawa ya kutuliza, diazepam, ya kujinunulia dukani achana nayo, huleta uraibu. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo.