Kadi kwanza, soko baadaye: kupanga mchezo wa mtandaoni kutoka Bariadi

Mwaka 1993 ulitoka mchezo wa Magic: The Gathering, uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield, na ndipo kadi za kukusanya na kubadilishana zilipopata mchezo kamili wa akili. Kila mchezaji ana kadi zake, anazichambua, anaunda fungu la kupambana na mwenzake. Anayepanga kujenga jukwaa la namna hiyo kwenye tovuti, akiwa Bariadi, Maswa au Meatu, atapata hapa majibu yenye msimamo mmoja: soko la kadi lijengwe mwisho kabisa.

Swali: Tuna waandika programu wawili na mchoraji mmoja. Tuanze na nini?

Na karatasi za manila, mkasi na kalamu. Mchezo wa kadi ni wa pekee kwa kuwa unaweza kuupima wote mezani kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu, na kosa likionekana mezani hurekebishwa kwa kufuta tu. Hesabu yenyewe inatisha. Kadi 60 zinaunda jozi 1,770 za kadi zinazoweza kukutana, na kila jozi inaweza kuzaa mkanganyiko wa kanuni au ushindi wa bure. Ukianza na kadi 300 kwa tamaa ya kuonekana mkubwa, jozi zinafika 44,850, na timu ya watu watatu haitazimaliza. Basi kadi 60 zinatosha kwa toleo la kwanza, na ziwe zimechezwa na watu wasiowajua ninyi, wale wasio na sababu ya kuwapamba. Atasema mtu kwamba kijana aliyezoea michezo ya kisasa hatavumilia makaratasi. Sawa, lakini vijana hao hao hucheza last card kwa karata zilizochakaa pembe zote. Kinachowashikilia ni kutojua mwenzao ameficha nini mkononi.

Swali: Hadithi ya mchezo tuitoe wapi? Mazimwi na mashujaa wa Ulaya wamezoeleka.

Huko huko kwenu Usukumani kuna mashindano yaliyokwisha kupangwa tangu karne ya 19. Bagalu na Bagika ni vyama viwili vya ngoma vinavyotajwa kuanzishwa na Gumha na Ngika, na hadi leo ngoma zao hupambanishwa uwanjani, mshindi akiwa yule aliyevuta watu wengi. Hapo mbuni wa mchezo amepewa pande mbili, lengo la ushindi lisilohitaji damu, na wahusika tele: Bayeye wanaocheza na nyoka, Bagobogobo na majembe yao. Tuseme watazamaji 20 wako katikati, na kila kadi inawavuta upande mmoja. Hiyo ni kanuni ambayo mtoto wa Itilima ataielewa bila maelezo marefu. Ila kuna mpaka. Sehemu ya mashindano hayo ni dawa na siri za vyama, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua ulinzi wa sanaa za jadi. Kwenda kwa viongozi wa ngoma na kuomba ridhaa kuwe kazi ya mwezi wa kwanza. Mkingoja hadi michoro ikamilike, mtakuwa hamwombi tena ridhaa, mnawataka wabariki mlichokwisha kufanya.

Swali: Kwa nini tovuti? Si afadhali programu ya kupakua kwenye simu?

Tovuti hufunguka kwa kiungo kilichotumwa WhatsApp, haimlazimishi mtu kufuta picha zake ili apate nafasi. Lingine ni bando. Mchezo wa zamu hautumi video; hutuma ujumbe mfupi kwamba mchezaji huyu amecheza kadi namba 17. Ukiubana ujumbe huo usizidi kilobaiti moja, mchezo wenye hatua 100 hautakula zaidi ya kilobaiti 100. Mzigo uko kwenye picha: kadi 60 za kilobaiti 30 kila moja ni megabaiti 1.8, na hizo zihifadhiwe kwenye simu mara ya kwanza tu. Mtandao kukatika nako kuchukuliwe kuwa jambo la kila siku. Seva iandike kila tukio kwa mfuatano, ili mchezaji akirudi asomewe yaliyopita na kuendelea palepale. Na kuchanganya kadi kufanyike kwenye seva peke yake. Simu isipewe kamwe kadi za mpinzani, hata kama zimefichwa kwenye skrini, maana mjanja atazichungulia.

Swali: Tusipouza pakiti za bahati nasibu, hela itatoka wapi? Wakubwa wengi wanaziuza.

Wanaziuza, na hesabu inaonyesha kwa nini zinawalipa. Chukua kadi 60, kila moja ikiwa na nafasi sawa ya kutoka. Mtu anayenunua moja moja bila kuchagua atahitaji, kwa wastani, kadi 281 ili apate zote. Kwa shilingi 100 kila kadi, hiyo ni shilingi 28,100 kwa kitu ambacho kikiuzwa wazi kingekuwa 6,000. Tofauti hiyo inatoka mfukoni mwa mwanafunzi. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa, yaani yale ambayo mnunuzi hajui yaliyomo, katika michezo kadhaa ni kamari. Tanzania tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na Bodi yake, na timu changa haina sababu ya kujisogeza hapo. Uzeni seti nzima kwa bei inayoonekana, kwa M-Pesa au Airtel Money, na mtoe fungu la kuanzia bure. Faida kwa kila mchezaji itakuwa ndogo, nakubali. Lakini mapato yatatabirika, na mzazi hatapiga simu kuuliza hela ya daftari imekwenda wapi.

Swali: Lakini kubadilishana ndiyo roho ya mchezo huu. Ukiiondoa, unabaki na nini?

Hapa hoja ni nzito zaidi. Kubadilishana kadi kwa kadi kubaki, tena mapema: kadi za mapambo na za ushindi zinaweza kupita kutoka mkono hadi mkono, mradi hifadhidata izihamishe zote mbili kwa pamoja au isihamishe chochote. Kinachosubiri ni soko la kuuziana kadi kwa fedha. Valve, kampuni yenye uwezo mkubwa kuliko yeyote tunayemwazia hapa, ilitoa Artifact Novemba 2018, mchezo uliobuniwa na Garfield huyo huyo, ukiwa na kiingilio cha kulipia na soko la kadi tangu siku ya kwanza. Wachezaji waliondoka ndani ya miezi michache, na mwaka 2021 Valve iliacha kuuendeleza. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini malalamiko ya kulipa tena na tena yalisikika mapema. Soko lisilo na wachezaji ni gharama tupu ya ulinzi dhidi ya matapeli.

Swali: Wachezaji wakiwa wachache, mtu atampata wapi mpinzani?

Watu 200 waliojisajili, wakitawanyika siku nzima, wanaweza wasikutane hata wawili. Ruhusuni mchezo wa polepole, ambapo kila mmoja ana saa 24 za kujibu, kisha tangazeni saa moja ya pamoja, mathalani Jumamosi saa mbili usiku. Kadi zilizochapwa nazo zipelekwe kwenye viwanja vya Nyakabindi, vilivyopokea maonyesho ya wakulima ya Nane Nane kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, kila kadi ikiwa na msimbo wa kuingilia kwenye tovuti. Usajili uishie kwenye jina la mchezo na namba ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaanza kuwahusu siku mnapopokea namba ya kwanza.