Kifuta Jasho na Kifuta Machozi: Mwananchi Afahamu Nini

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, pamoja na kanuni zake za mwaka 2011, huiwezesha Serikali kumshika mkono mwananchi aliyeathiriwa na wanyamapori wakali na waharibifu. Kifuta jasho hutolewa kwa uharibifu wa mazao au vifo vya mifugo. Kifuta machozi hutolewa kwa jeraha au kifo cha mtu.

Malipo hayo si fidia. Fidia hurejesha thamani ya kilichopotea. Kifuta jasho cha mazao hukadiriwa kwa ekari, bila kufuata bei ya gunia sokoni. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka ukomo wa ekari 5, na viwango vya chini kwa mashamba yaliyo karibu na hifadhi. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halikustahili malipo.

Mwathirika hana budi kutoa taarifa mapema katika ofisi ya kijiji, ili afisa wanyamapori na afisa kilimo wakague na kupima eneo, kisha maombi yapelekwe Wizara ya Maliasili na Utalii. Anayelima upya kabla ya ukaguzi hufuta nyayo za tembo, na pamoja nazo ushahidi wake.