Dondoo muhimu: Kupiga picha heroe wa Ziwa Natron

Heroe hawana haraka. Mwenye haraka ni mpiga picha.

1. Anza alfajiri. Jua likipanda, hewa ya moto juu ya magadi huitetemesha picha, hata kwa lenzi ya bei mbaya.
2. Usiwakurupushe waruke. Ndiyo tabia mbaya kuliko zote. Wakiinua shingo na kuanza kuondoka pamoja, umeshawakaribia mno: rudi nyuma, taratibu.
3. Chuchumaa, lenga jicho.
4. Weupe wa magadi huidanganya kamera. Ongeza mwanga kidogo.
5. Usikanyage ukoko wa magadi bila mwongozaji, chini yake ni tope.
6. Viota usivifuate kabisa, wala kwa droni.
7. Jioni, futa vifaa. Magadi hula chuma.