Somo la Usalama Barabarani: Injini Inapochemka na Hita Inapokosa Joto



Katika somo hili tunazungumzia maradhi mawili ya magari ya zamani ambayo madereva wengi huyatibu kana kwamba hayahusiani: injini kuchemka, na hita kushindwa kutoa joto. Ukweli ni kwamba injini na hita hutumia maji yale yale. Hita ikipoa ghafla huku geji ya joto ikipanda, dereva amepewa onyo moja kwa njia mbili. Anayelielewa huegesha mapema mahali salama. Asiyelielewa huishia kukwama penye kona, gizani, akiwa na abiria ndani.

Barabara zetu zinavyoijaribu injini

Anayeondoka Mururu ana safari tatu za kawaida. Ya kwanza ni kuelekea Bukavu, ambako katika foleni ya mpakani injini hunguruma bila gari kwenda, na upepo wa kuipoza rejeta haupo. Ya pili ni Bugarama, bonde lenye joto ambalo ni sehemu ya chini kabisa nchini Rwanda, kimo cha mita 950 hivi. Kurudi Kamembe ni kupanda mamia ya mita, mara nyingi gari likiwa na shehena ya saruji au mchele. Ya tatu ni barabara ya Huye kupitia Ntendezi, Gisakura na msitu wa Nyungwe, inayopita kimo cha zaidi ya mita 2,400, penye baridi, mvua na ukungu.

Kimo nacho kina athari zake. Pwani maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Hapa kwetu kando ya Ziwa Kivu huchemka karibu na 95, na juu Nyungwe karibu na 92. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni mgandamizo unaotunzwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima huongeza takriban nyuzijoto 20 kabla maji hayajachemka. Mfuniko uliolegea, au uliofungwa kwa kitambaa, huondoa kinga hiyo yote.

Maji yanavyozunguka

Pampu husukuma maji kuzunguka silinda, yakabeba joto. Injini ikiwa baridi, thamostati hubaki imefungwa ili maji yasiende kwenye rejeta. Yanapofika nyuzijoto 80 hadi 90 hivi, thamostati hufunguka, maji yakaenda kupozwa kwenye rejeta na kurudi. Sehemu ya maji hayo hupitishwa kwenye hita, ambayo kwa hakika ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa juu yake, nayo hewa ya moto huwafikia abiria na kioo cha mbele.

Soma geji na hita kwa pamoja

1. Geji iko juu na hita inatoa hewa baridi: maji yamepungua, hewa imeingia katika mfumo, au pampu haisukumi. Hii ndiyo hali ya hatari kuliko zote. Simama mara moja mahali salama.

2. Geji iko juu na hita ni ya moto sana: maji yapo na yanazunguka, lakini rejeta haiyapozi. Chunguza feni, mkanda wa feni, rejeta iliyoziba na thamostati isiyofunguka.

3. Geji iko chini muda wote na hita ni vuguvugu: thamostati imekwama ikiwa wazi, au imeondolewa.

4. Geji iko katikati lakini hita ni baridi: kasoro iko kwenye hita yenyewe. Injini ikiwa imepata joto, fundi aguse kwa uangalifu mipira miwili iendayo kwenye hita, akijihadhari na feni, kwani ile ya umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, hita imeziba au vali yake imefungwa. Yote ikiwa moto, tatizo ni waya au kilango cha hewa. Yote ikiwa baridi, maji hayafiki huko.

Angalieni pia gari linachemka wakati gani. Likichemka kwenye foleni na kupoa likianza kwenda, mshukuni feni. Likitulia kwenye foleni na kuchemka kwenye mlima wa kutoka Bugarama, ishukuni rejeta iliyojaa kutu na matope. Likipunguza maji kila siku bila tone kuonekana chini, moshi ukawa mweupe, na oili ikafanana na chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imeungua. Gari hilo lisipewe safari mpaka litengenezwe.

Tatizo la thamostati iliyoondolewa

Katika gereji nyingi za ukanda wetu, gari likichemka, tiba ya haraka ni kuitoa thamostati na kuitupa. Huko bondeni mwenye gari hurudi akishukuru. Lakini rejeta iliyoziba bado imeziba. Ugonjwa umefichwa tu, nao utajitokeza siku ya mzigo mzito. Isitoshe, injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula mafuta zaidi na huchakaa upesi.

Hasara kubwa zaidi huonekana Nyungwe. Abiria wamejaa, nguo zao zimelowa, madirisha yamefungwa, na pumzi zao zinageuka ukungu juu ya kioo. Hita haina joto la kuuondoa. Dereva anafuta kioo kwa kiganja huku akiendesha kwa mkono mmoja kwenye kona, na lori linakuja mbele yake. Hivyo uamuzi uliofanywa kwenye joto la Bugarama unaweza kusababisha ajali kwenye baridi ya Nyungwe. Ni vivyo hivyo kwa wanaoziunganisha moja kwa moja zile mpira mbili ili kuiruka hita inayovuja. Tunawaomba mafundi wetu waweke thamostati mpya, na watafute chanzo cha kuchemka.

Gari likichemka njiani

Zima kiyoyozi. Washa hita hadi mwisho pamoja na feni yake. Itaondoa sehemu ya joto la injini wakati unatafuta mahali pa kuegesha. Ukishatoka barabarani, zima injini, vuta breki ya mkono, na uwashushe abiria upande usio na magari. Weka pembetatu ya tahadhari mbali kidogo nyuma ya gari, na mbele pia kama uko karibu na kona. Mawe na matawi si alama salama: wengi huondoka wakiyaacha, na anayekuja usiku huyakuta.

Usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo chini ya mgandamizo hulipuka usoni na kuunguza vibaya. Subiri angalau nusu saa, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikika kwa mkono, kisha ufungue polepole kwa kitambaa kinene. Usimimine maji baridi katika injini ya moto, kwani silinda hedi hupasuka.

Jambo moja tunalisisitiza: usizime injini mteremkoni ili gari lipoe likiserereka. Injini ikizimika, usukani huwa mzito, na baada ya kukanyaga mara chache breki hukosa msaada wake. Gari lililochemka hutengenezwa. Maisha hayana gereji.

Kabla ya safari

Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua kiasi cha maji, mfuniko, mipira, mkanda wa feni, na ardhi chini ya gari. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi. Maji ya mtoni huleta matope na kutu. Washa hita hata kama hakuna baridi, uone kama inatoa joto. Zulia la abiria likiwa limelowa na kioo kikiwa na utando wenye mafuta, hita inavuja.

Maswali ya kujipima

1. Geji imepanda na hita imekuwa baridi. Nini kimetokea, nawe utafanya nini kwanza?
2. Kwa nini gari lisilo na thamostati ni hatari zaidi Nyungwe kuliko Bugarama?
3. Ni lini pekee mfuniko wa rejeta unaweza kufunguliwa?

Tunawahimiza viongozi wa vyama vya madereva kuyajadili maswali haya katika mikutano yao. Kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyoanzishwa mwaka 2019, inatutakia sote tufike kwa amani. Ajali ikitokea upande wa Rwanda, tupigieni simu nambari 113; kwa dharura nyingine, 112. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya gari kukwama huonekana mapema kwenye geji na hita. Zitazameni zote mbili.