Shawa ya Stima: Kazi Haiishi Maji Yakipata Moto



Siku hizi nyumba nyingi zilizofikiwa na stima zina shawa ya stima bafuni. Ikikataa kupasha maji, mara nyingi ni koili imekatika. Koili mpya hupatikana madukani, na mwenye nyumba akiwa na bisibisi husema, "Ya nini kumlipa fundi?" Hatumlaumu, maana pesa ni ngumu. Lakini tungependa tujifunze pamoja kutokana na jambo tulilokuta.

Katika kutembelea familia, tulimkuta mama mmoja ambaye haogi bila slipa za mpira. Tulipomuuliza, alijibu, "Tangu mzee abadilishe koili, maji yanawasha kidogo. Tumeshazoea." Watoto walikuwa wamekatazwa kugusa mfereji wa chuma wakioga. Tukaomba stima izimwe, tukaita fundi. Alipofungua shawa, alikuta waya wa kijani na manjano umekunjwa na kufungwa kwa selotepu. Haukuunganishwa popote. Mzee akaeleza, "Niliona hauna kazi. Shawa ilipasha maji bila huo."

Kosa lilikuwa hapo. Waya wa kahawia huleta stima, na wa bluu huirudisha. Wa kijani na manjano haupashi maji. Kazi yake ni kupeleka ardhini stima inayotoroka. Katika shawa nyingi za bei nafuu koili haijafunikwa, iko ndani ya maji yenyewe. Stima kidogo hupita majini, na huzidi maji yakiwa ya chumvi, kama ya visima vingi. Waya huo usipokuwapo, stima hutafuta njia nyingine, na njia hiyo yaweza kuwa mwili wa anayeoga. Slipa hazimlindi mtu aliyeshika mfereji wa chuma.

Basi tuangalie dalili baada ya kutengeneza. Kabla ya kufungua chochote, zima swichi kuu ya nyumba, si ile ya bafuni peke yake.

1. Maji yanawasha. Zima, na asioge mtu hata mmoja. Fundi afuate waya wa kijani na manjano kutoka kwenye shawa mpaka kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Kama maji yenu ni ya chumvi, nunueni shawa iliyotengenezewa maji hayo, ambayo koili yake imefunikwa.

2. Koili mpya imeungua siku hiyo hiyo. Pengine stima iliwashwa shawa ikiwa bado haina maji. Fungulia maji kwanza, yatiririke hadi hewa yote itoke, ndipo uwashe.

3. Maji hayapati moto kabisa. Usikimbilie kununua koili nyingine. Ndani ya shawa mna kipande cha mpira kinachosukumwa na maji ili stima iingie. Maji yakija kwa unyonge, mpira hausogei. Angalia kama tangi limeinuliwa vya kutosha, au kama uchafu umeziba njia ya maji.

4. Swichi ina joto au harufu ya kuungua. Shawa ya wati 5,500 kwenye stima ya volti 240 huvuta karibu ampea 23. Waya wa soketi, ule wa 2.5, haufai kwa kazi hiyo. Shawa iwe na waya wake mnene, kama wa 6, na swichi yake yenyewe. Pia skrubu iliyolegea huleta joto.

Na mtu akishikwa na stima bafuni, usimguse. Kimbia ukazime swichi kuu kwanza, kisha umsaidie na kumpeleka hospitali.

Kubadilisha koili si dhambi. Lakini kazi yoyote inayogusa nyaya, mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, na usione haya kumwomba akuonyeshe. Yule mzee alituambia, "Kumbe nilikuwa nahesabu pesa ya fundi tu, sikuwahesabu watoto." Kuwashwa kidogo si jambo la kuzoea. Ni onyo, na huenda lisirudiwe.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Ni hatari gani nyumbani kwetu ambayo tumeizoea?
2. Je, kila mtu nyumbani, hata watoto, anajua swichi kuu iko wapi?
3. Wapangaji wafanye nini pamoja ikiwa mwenye ploti anakataa kurekebisha nyaya?