Baina ya Faragha na Uvivu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usiku kuwa wa kutulia na mchana kuwa wa kutafuta maisha. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, somo hili ni juu ya neno moja tunalolitupa ovyo kama mtu atupaye maganda ya muhogo njiani, nalo ni neno "mvivu". Twamwambia mtu tusiyemjua, kwa kumwona mara moja tu amekaa. Mimi niandikaye haya ni miongoni mwa waliolisema, tena nalilisema mahali pasipostahili. Kwa hiyo nitaanza na nafsi yangu, kisha niwaguse na nyinyi.

Lalago ni mji mdogo katika wilaya ya Maswa, nchi ya Wasukuma. Zamani ilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga, hata ulipoundwa mkoa wa Simiyu mwaka 2012, makao yake Bariadi. Nchi ni tambarare na pana, nayo ina msimu mmoja wa mvua, kiasi cha Novemba hata Aprili au Mei. Baada ya hapo ni jua na vumbi. Hulimwa pamba, mtama, mahindi na viazi vitamu, na ng'ombe ni wengi. Mtu wa pwani akifika huko mwezi wa saba huwaona wanaume wamekaa chini ya miti asubuhi, akapita tena alasiri akawakuta pale pale.

Nalikwenda huko kwa biashara ndogo ya nguo, nikataka kujenga kibanda cha duka. Nikapatana na vijana wanne wanichimbie msingi na kunifyatulia matofali. Walifanya kazi siku tatu, kazi nzuri isiyo na lawama. Siku ya nne hawakuja. Nilipouliza nikaambiwa wamekwenda kwenye ngoma, kijiji cha mbali, watarudi itakapokwisha. Siku zikapita tano. Nikamwambia mzee jirani yangu, kwa ulimi mkali kuliko ilivyonipasa mbele ya mtu wa umri wake, ya kuwa watu wa nchi hii ni wavivu, wala hawaijui thamani ya wakati.

Mzee hakukasirika. Wao huniita mwalimu kwa sababu ya kofia. Akaniuliza, "Mwalimu, ulifika kwetu lini?"

Nikamjibu, "Mwezi wa sita, mzee wangu."

Akasema, "Basi hujatuona bado."

Nalidhani ananipa jibu la mzaha. Walakini alianza kunieleza mwaka wao ulivyo. Mvua ya kwanza ikianguka hakuna aketiye. Ardhi iliyokauka miezi sita hulainika kwa siku chache, na mbegu isiyotiwa wakati wake ni mbegu iliyotupwa. Hapo vijana hulima kwa vyama, safu kwa safu, ngoma ikipigwa na majembe yakiinuka pamoja. Katika vyama hivyo wamo waitwao Bagobogobo, ambao umaarufu wao ni kucheza na majembe yenyewe. Kisha palizi, tena palizi. Kisha kuvuna nafaka, na kuchuma pamba, kazi ya vidole isiyoweza kuharakishwa. Baada ya hayo ndipo huja kiangazi, nacho ni wakati wa kuoa, wa kukata mashauri, wa kutengeneza nyumba, wa kuwatembelea jamaa, na wa mashindano ya Bagika na Bagalu.

Mashindano hayo yastahili neno. Bagika na Bagalu ni pande mbili za wachezaji katika Usukuma wote, nazo hunasibishwa na watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Pande mbili husimama uwanja mmoja, kila mmoja na ngoma yake, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Hutafutwa dawa pia kwa ajili ya kuvuta watu, na hayo ya dawa na uganga Muislamu hayaingii. Lakini hayo si maneno yetu leo. Maneno yetu ni kwamba mambo haya huwekwa baada ya mavuno kwa hesabu. Wale vijana wanne hawakuusahau wakati. Waliushika wakati wao, wakauacha wangu.

Na mtu asiseme kuwa Msukuma hawezi kazi ndefu. Katika karne ya 19, ndugu zao Wanyamwezi na wao wenyewe ndio waliobeba pembe za ndovu hata Bagamoyo, mzigo wa ratili 60 au 70 begani, mwendo wa miezi. Babu zetu wa pwani walitajirika kwa mabega hayo. Lakini hata wapagazi hao walifuata mvua: walipenda kutoka kwao baada ya mavuno na kurudi kabla ya kulima, na mfanyabiashara aliyewataka wakati wa kupanda alipata taabu kubwa. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, watu wa nchi hizo walisifiwa kwa nguvu zao. Mtu yule yule akitoka kwao kwenda kumlimia tajiri aliitwa hodari, na akikaa kwao huitwa mvivu. Basi hapo lazima tuuliize neno hilo latoka kinywani mwa nani.

Ugomvi huu ni wa nchi nyingi. Huko mashamba ya mkonge kulikuwa na kipande cha siku 30. "Mwezi" wa kipande haukuwa mwezi wa mbinguni; ulikuwa siku 30 zilizofanyiwa kazi na kutiwa alama, na siku ya ugonjwa au ya kupumzika haikuhesabiwa, hata mshahara wa mwezi mmoja uliweza kuchelewa wiki kadha. Na huko Natal, Afrika ya Kusini, katika karne ya 19, Wazulu waliajiriwa kwa mwezi, nao wakaufahamu kuwa ni mwezi uonekanao. Mwezi ulipokufa walitaka fedha yao. Bwana wao naye alitazama kalenda yake, akasema siku bado. Mwanahistoria wa Kimarekani, Keletso Atkins, alikiandikia jambo hili kitabu mwaka 1993, akaonyesha ya kuwa watu walioitwa wavivu na wavunja mikataba walikuwa wakiishika ahadi yao kwa hesabu wanayoijua. Sisi tufungao kwa kuandama kwa mwezi hatuna haja ya kuelezwa. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na ndiyo sababu Ramadhani yetu huzunguka mwaka mzima.

Wazulu hao wana nyota waiitayo isiLimela, yenye asili moja na Kilimia chetu. Wakulima wa Kibantu wengi waliitazama nyota hiyo kujua majira ya jembe, na sisi wa pwani tulikuwa miongoni mwao kabla ya kujisahau.

Hata Waingereza, waliotuletea king'ora cha kiwanda, hawakuzaliwa nacho. Mwanahistoria wao E. P. Thompson aliandika mwaka 1967 jinsi mafundi wa Uingereza walivyokuwa wakiifanya Jumatatu kuwa siku ya mapumziko, wakaitukuza kama siku ya mtakatifu, kisha wakafanya kazi usiku na mchana mwisho wa wiki. Josiah Wedgwood, tajiri wa vyombo vya udongo wa karne ya 18, alisumbuka sana na wafanyakazi wake waliokwenda kwenye sikukuu za vijiji. Yaani alilia kilio changu cha Lalago.

Sasa nageuka kwetu, enyi watu wa pwani. Saa zetu twazihesabu tangu kucha na tangu kuchwa, si tangu usiku wa manane. Siku yetu ya kisharia huanza magharibi. Wiki yetu ina siku mbili za tano, Jumatano kwa hesabu yetu ya kuanzia Jumamosi na Alhamisi kwa hesabu ya Kiarabu, wala hakuna aliyepotea njia kwa hilo. Na biashara yetu ya kale ilikaa juu ya upepo. Jahazi za Arabuni na Bara Hindi zilikuja na kaskazi, zikangoja kusi ndipo zirudi. Nahodha aliyekaa Unguja miezi miwili mitatu, akanywa kahawa na kusimulia habari, hakuitwa mvivu na mtu, kwani wote walijua ya kuwa pepo haziamrishwi. Je, mvua ya Lalago yaamrishwa?

Tena fimbo hii niliyompigia Msukuma, sisi tulipigwa nayo zamani. Ulipoondolewa utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897, wakubwa wa serikali walijaza barua zao malalamiko kuwa mtu aliyepata uhuru hapendi kazi. Naye alikuwa na muhogo wake na minazi ya kuangalia, akaenda kuchuma karafuu kwa hiari yake. Mombasa, wachukuzi wa bandarini walikuwa vibarua wa kutwa. Mtu aliweza kwenda kazini siku kadha katika mwezi, siku nyingine akashughulika na shamba, au uvuvi, au jamaa zake. Wakubwa waliuchukia uhuru huo, na baada ya mgomo mkubwa wa Januari 1947 walizidi kutafuta njia ya kuwafunga watu kwa daftari na idadi ya siku za lazima. Hapana shaka mshahara wa kudumu una faida zake, nami siukatai. Nasema tu ya kuwa aliyetuita wavivu wakati ule hakuwa akitazama dini yetu wala heshima yetu. Alikuwa akitazama meli yake.

Mkenya mmoja, kasisi John Mbiti, alitoa kitabu mwaka 1969 juu ya dini za Afrika, akayachukua maneno yetu "sasa" na "zamani" kuufasiri wakati wa Mwafrika. Alisema jambo moja la kweli: mgeni amwonaye Mwafrika amekaa hudhani anapoteza wakati, na kumbe yule anaungoja, au anautengeneza. Lakini alisema pia ya kuwa Mwafrika wa asili hana wakati ujao ila wa karibu mno. Wenzake wengi walimpinga, na Mghana Kwame Gyekye alimjibu katika kitabu chake cha mwaka 1987. Kwa mtazamo wangu, mtu aliyeweka mbegu bora kando katika mwaka wa njaa, akalala na tumbo tupu na mbegu i juu ya dari, anaijua kesho kuliko wenye saa za dhahabu.

Basi je, hapana uvivu duniani? Upo. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Abbas, iliyomo katika Bukhari, Mtume, rehema na amani zimshukie, alizitaja neema mbili ambazo watu wengi huzipoteza kwa hasara: afya na faragha. Liangalieni neno hili. Kwetu limebaki kuwa mahali pa siri. Asili yake ni kuwa huru na shughuli, nalo lilihesabiwa neema pamoja na afya. Katika sura ya Alam Nashrah mna asili yake pia: Mtume aliamrishwa, akiisha kuwa na faragha, asimame kwa juhudi nyingine. Naye Hanzala alipoogopa kuwa amekuwa mnafiki, kwa kuwa akiwa nyumbani na watoto moyo wake haukuwa kama alivyokuwa mbele ya Mtume, aliambiwa ya kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Nayo imo katika Sahihi Muslim. Masahaba walikuwa na usingizi wao wa adhuhuri, na siku ya Ijumaa waliuakhirisha hata baada ya sala. Basi kukaa hakukatazwi. Kinachoulizwa ni haki ya nani imelala chini yako ulipokaa.

Na hapa yule mzee wa Lalago nami naliweza kumwuliza swali, na nalimwuliza. Kiangazi kile walichopumzika wanaume, wanawake hawakupumzika. Visima vya karibu vilikauka, nao walitoka alfajiri na ndoo kwenda mbali zaidi kuliko wakati wa mvua. Kisha kuni, kisha kutwanga, kisha chakula cha wale walio chini ya mti. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Hayo ni ya kweli, mwalimu. Na kwenu je?"

Nikakumbuka baraza yetu baada ya alasiri, bao katikati na kahawa ikizunguka, na ndani sauti ya mtu apepetaye mchele, na mtoto anayelia, na moshi. Nikakumbuka tena siku moja magharibi ilipotukuta tukibishana juu ya kete, tukaenda msikitini rakaa ya tatu. Sikupata la kumjibu.

Wale vijana walirudi siku ya sita. Walifyatua matofali hata yakatosha na kuzidi, wala hawakudai zaidi ya mapatano. Duka likasimama kabla ya mwezi wa kumi.

Mwezi wa kumi na mbili mvua ilipokwisha kushika, nilimwendea mzee asubuhi nimwulize habari nyingine za nchi yake, kwa kuwa wateja walikuwa hawaji. Nikamkuta mkewe tu akitoka na jembe begani. Akaniambia mzee yuko shambani tangu kabla ya kucha, na ya kuwa kama nina mazungumzo, niyaweke hata baada ya mavuno. Nikarudi dukani kwangu. Njia yote sikukutana na mtu mzima hata mmoja, na chini ya ule mti hapakuwa na kiti wala mkeka. Nikakaa barazani peke yangu hata adhuhuri, na watoto waliopita na ng'ombe wakanitazama sana.