Somo la Jikoni: Kuni Chache, Moshi Nje

Ndugu wakulima, mara nyingi masomo yetu huwa juu ya ng'ombe, mbegu na mbolea. Mwezi huu twaingia jikoni. Mwenye shamba asidhani kwamba jambo hili ni la mama peke yake. Kuni zatoka shambani, fedha za makaa zatoka mfukoni, na mtoto akohoaye usiku ni mtoto wa nyumba nzima.

Somo lenyewe ni hili. Kila jiko lapaswa kuulizwa maswali mawili. La kwanza: latumia kuni kiasi gani? La pili: moshi wake waenda wapi? Watu wengi huuliza swali la kwanza wakasahau la pili. Tutaona kwamba jiko laweza kujibu vizuri swali moja na kushindwa lile jingine.

TUTAZAME TUALA

Tuala ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Kajiado, kwenye nyanda zilizo kusini ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kati ya Ongata Rongai na Kitengela. Zamani nyanda hizo zilikuwa malisho ya pamoja. Mama wa Kimaasai alipotaka kuni alikwenda porini, akaokota matawi makavu ya migunga, akarudi na mzigo wake. Tangu miaka ya 1980 ardhi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Vipande vingi vimeuzwa tena, vikazungushiwa seng'enge, na nyumba za mawe zimesimama karibu na maboma. Kuni zilizo ng'ambo ya ua si zako tena.

Nyinyi mliopata mashamba katika skimu za makazi mwayajua hayo. Shamba lina mipaka minne, na kuni ni zile tu zilizomo ndani ya mipaka hiyo. Ukikata mti leo na usipande mwingine, kesho utanunua makaa. Na makaa yenyewe ni miti: katika tanuri la kawaida la udongo, kilo 1 ya makaa hutaka kilo 5 hadi 10 za kuni.

Hayo ni ya kuni. Sasa ingia nyumbani. Ndani ya enkaji, yaani nyumba ya Kimaasai ijengwayo na akina mama kwa fito na kukandikwa kwa udongo na samadi, moto huwaka ndani, na tundu la kupitisha mwanga ni dogo sana. Moshi hukaa humo pamoja na mama, kitoto mgongoni na bibi kizee kando ya moto. Lakini tusiwacheke Wamaasai. Jiko la mabati lisilo na dirisha, lililofungwa mlango kwa sababu ya baridi ya asubuhi, ni lile lile.

KWA NINI MAFIGA MATATU HULA KUNI?

Moto wa mafiga matatu una sifa zake. Hauna gharama, wabeba sufuria kubwa au ndogo, na huota watu wote. Lakini upepo huutawanya. Kati ya sehemu 10 za joto la kuni, sehemu 1 au 2 tu ndizo zinazoingia katika chakula. Nyingine zote hupasha joto ukuta na hewa.

Kuni mbichi huzidisha hasara. Mti uliokatwa leo waweza kuwa karibu nusu yake ni maji. Moto hutumia nguvu zake kwanza kuyachemsha maji yaliyomo ndani ya kuni kabla ya kuchemsha yaliyomo ndani ya sufuria. Na moshi ule mzito ni nini? Ni kuni ambazo hazikuungua. Basi moshi mwingi ni dalili ya hasara mara mbili: kuni zapotea na kifua chaumia.

SWALI LA KWANZA: KUNI

Hapa Kenya kazi kubwa imekwisha kufanywa. Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa mjini Nairobi juu ya nishati mpya. Baada ya mkutano huo, mafundi na wataalamu, miongoni mwao Maxwell Kinyanjui, walichukua mfano wa jiko la ndoo kutoka Thailand na kulibadilisha lifae mapishi yetu. Likawa jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walilitengeneza kwa wingi, likaenea mpaka nchi za jirani. Likitengenezwa vizuri, huokoa thuluthi moja hadi nusu ya makaa yaliyotumiwa na jiko la bati tupu.

Kwa watu wa kuni, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilieneza katika miaka ya 1980 jiko la udongo la kujengewa jikoni, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Upesi. Moyo wake ni duara la udongo uliochomwa na wafinyanzi. Duara hilo huzungukwa na udongo wa kukandika. Ukuta huzuia upepo na kuuelekeza moto chini ya sufuria, na kuni hupungua sana.

SWALI LA PILI: MOSHI

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Moshi huleta nimonia kwa watoto. Kwa watu wazima huleta ugonjwa wa mapafu usiopona, maradhi ya moyo, na mtoto wa jicho.

Hayo hayakupimwa ng'ambo tu. Huko Mpala, Laikipia, wataalamu Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuata watu 345 wa nyumba 55 kwa muda wa miaka miwili, wakipima moshi na kuandika magonjwa ya kifua. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2001: kadiri mtu alivyovuta moshi mwingi, ndivyo alivyougua kifua mara nyingi zaidi.

Je, jiko bora peke yake laondoa hatari hiyo? Huko Malawi watoto zaidi ya 10,000 walichunguzwa. Nyumba nyingine zilipewa majiko ya kuni yenye kipepeo, yaunguzayo vizuri zaidi. Nyingine zikaendelea na moto wa kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: nimonia ya watoto haikupungua. Huko Guatemala nyumba zilipewa jiko lenye dohani, yaani bomba la kutoa moshi nje. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba nimonia kali ilipungua kwa thuluthi moja hivi, ingawa kwa nimonia kwa jumla upungufu haukuwa mkubwa wa kutosha kusema kwa hakika.

Na Kajiado je? Kati ya mwaka 1998 na 2001 shirika la ITDG, ambalo leo huitwa Practical Action, lilifanya kazi katika nyumba za Kajiado na za Magharibi mwa Kenya. Akina mama wenyewe waliulizwa wataka nini. Wengine walipanua madirisha, wengine walijenga jiko la Upesi, na wengine waliwekewa mwavuli wa bati wenye dohani juu ya moto. Mwavuli ndio ulioshinda: moshi ndani ya nyumba ulipungua kwa kiasi cha robo tatu.

Basi tumepata jibu. Jiko zuri huokoa kuni. Lakini atakaye kuokoa kifua lazima pia autafutie moshi njia ya kutoka. Na hata robo iliyobaki ina madhara yake. Kwa hiyo usitosheke na jambo moja. Fanya yote uwezayo.

NAMNA YA KUFANYA

1. Chagua mahali. Jiko liwe karibu na ukuta, mbali na upepo wa mlangoni, na mahali ambapo watoto hawapiti mbio.

2. Jenga jiko. Nunua duara la udongo lililochomwa vizuri. Ukiligonga lilie kama chungu, na lisiwe na ufa. Liweke juu ya msingi wa mawe madogo na udongo. Changanya udongo wa kichuguu na majani yaliyokatwakatwa au samadi, ukandike kulizunguka kwa unene wa kiganja. Acha mlango wa kuni wazi.

3. Ngoja likauke. Liache wiki 2 au zaidi bila moto. Mwenye haraka hupata nyufa. Kisha washa moto mdogo kwa siku chache kabla ya kupika githeri.

4. Weka mwavuli. Fundi wa bati akate mwavuli ulio mpana kuliko moto kila upande. Ushuke chini kadiri mpishi awezavyo kupika bila kugonga kichwa. Dohani isiwe nyembamba, kwa sababu bomba jembamba hurudisha moshi nyumbani. Ipite juu ya kipeo cha paa na iwe na kofia ya kuzuia mvua. Kama paa ni la nyasi, weka bati pana kulizunguka bomba ili nyasi zisiguse bomba lenye joto.

5. Fungua njia ya hewa. Dirisha moja dogo upande wa pili wa moto latosha kuingiza hewa safi. Bila hewa kuingia, moshi hautoki.

6. Safisha. Masizi yakiziba dohani, kazi yote ni bure. Kagua bomba na kulikwangua mara kwa mara.

TABIA ZISIZO NA GHARAMA

Kuni zipasuliwe nyembamba, zipangwe chini ya paa, zikauke kwa miezi kabla ya kuchomwa. Maharagwe yalowekwe tangu usiku. Hupikika upesi zaidi. Funika sufuria. Chakula kikianza kuchemka, vuta kuni nje. Maji yachemkayo kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yachemkayo polepole. Na mama apikapo, mtoto mchanga akae na dada yake nje ya jiko, asifungwe mgongoni juu ya moshi.

ONYO JUU YA MAKAA

Makaa hayana moshi mwingi, na kwa sababu hiyo watu huyaamini. Lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Usilale kamwe na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama baridi ya Julai yauma. Wengi waliofanya hivyo hawakuamka.

MKULIMA AWEZA KUULIZA

“Kwa nini tusitumie gesi?” Swali zuri. Kwa afya ya kifua, gesi, umeme na gesi ya samadi ni bora kuliko kuni zote. Mwenye ng'ombe 2 au 3 wa kufugwa bandani, na maji ya kutosha, aweza kujenga mtambo wa gesi ya samadi, na masalio yake yatakuwa mbolea nzuri. Lakini mfugaji wa Tuala ambaye ng'ombe wake huzunguka malishoni mchana kutwa, na maji ni ya kununua, hawezi kulazimishwa hivyo. Mtungi mdogo wa gesi pia wafaa. Hata ukiutumia kwa chai ya asubuhi na uji wa watoto tu, umepunguza saa za moshi. Lakini ukiendelea kuwasha moto wa zamani kando yake kila siku, usishangae kikohozi kikibaki.

PIMA MWENYEWE

Usiniamini mimi, pima. Funga mizigo miwili ya kuni kavu yenye uzito sawa. Pika chakula kile kile kwa mafiga siku moja, na kwa jiko jipya siku ya pili, kisha pima kuni zilizobaki. Halafu moto ukiwaka, inama mpaka usawa wa kichwa cha mtoto wako, upumue hapo kwa dakika chache. Yeye hupumua hapo kila siku.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

Je, kuni zetu zatoka ndani ya mipaka ya shamba letu? Mwaka huu tumepanda miti mingapi kando ya ua? Kuni za mwezi ujao zimekwisha kupasuliwa na kukauka? Moshi wetu watoka wapi? Na dohani yetu, kama tunayo, ilisafishwa lini?

Bwana na bibi wakae pamoja wayajibu. Mwenye shamba ambaye hununulia ng'ombe dawa na kujenga boma imara hashindwi kununua mabati machache ya mwavuli. Ng'ombe hulala nje penye hewa safi. Mama na watoto nao wastahili hewa hiyo.